Kuupa Alama Muziki wa Gemu: Kwa Nini Marafiki Wanne Hawakubaliani

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Sisi ni marafiki wanne tuliokulia mtaa mmoja, na sasa kila mtu yuko mji wake. Kila Jumamosi mmoja wetu huleta kwenye kundi letu la WhatsApp muziki wa gemu anaoupenda, na wengine huupa alama kati ya 1 na 10. Tulianza kama burudani, lakini sasa tunaudhiana. Nilileta muziki wa Super Mario Bros. ya kwanza, ambao nimeupenda tangu utotoni. Mmoja, aliyeusikiliza kwa spika ya simu akiwa kwenye daladala, akaupa 3 na kusema ni milio ya kitoto, si muziki. Mwingine alileta muziki wa Red Dead Redemption kama kitu cha 10. Mimi sijawahi kuicheza gemu hiyo, nikasikia gitaa linalozunguka bila kufika popote, nikaupa 4, akanuna. Wa tatu huleta nyimbo za FIFA tu. Tulichokubaliana wote ni 'Baba Yetu' ya Civilization IV, ambayo ilipata 10 kwa kila mtu, ila najiuliza kama hatukuipendelea kwa sababu ya Kiswahili. Je, ipo njia ya haki ya kuupima muziki huu? Au mapenzi ya utotoni yameniharibia masikio? Jambo jingine, nikisikiliza usiku kwa hedifoni kwa saa nyingi, nikizivua masikio huvuma kwa muda."

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe hofu: hakuna kati yenu asiye na masikio, na mapenzi yako ya utotoni hayajakuharibu. Kinachowagombanisha ni kwamba mnatoa alama moja kwa vitu viwili. Muziki wa gemu una kazi ndani ya gemu, na una uzuri wake unapotolewa nje na kusikilizwa kama muziki mwingine wowote. Rafiki yako aliyeupa Red Dead Redemption 10 alikuwa akijibu swali la kwanza, kwa sababu aliucheza mchezo wenyewe. Wewe uliyetoa 4 ulikuwa ukijibu swali la pili, kwa sababu ulipewa sauti peke yake. Wote wawili mlikuwa wakweli, lakini majibu ya maswali mawili tofauti mkayaandika kwa tarakimu za aina moja, kisha mkashangaa kwamba hazilingani.

Watu wengi hudhani kuwa mtunzi wa gemu hutunga wimbo kisha wimbo huo ukapachikwa kwenye mchezo. Mtunzi wa wimbo anajua utaanza wapi, utapanda wapi na utakwisha dakika ya ngapi. Mtunzi wa gemu hajui hata kimoja kati ya hivyo, kwa kuwa mchezaji anaweza kuimaliza hatua kwa sekunde arobaini, na mwingine akakwama humo nusu saa akifa na kurudi. Muziki lazima ustahimili kurudiwa bila kuchosha, na mara nyingi lazima umfuate mchezaji afanyapo jambo. Jambo hili ni la zamani. Katika Space Invaders ya mwaka 1978, muziki mzima ulikuwa noti nne zinazoshuka, basi. Lakini noti hizo ziliongeza kasi kadiri wavamizi walivyoongeza mwendo, na mchezaji akaanza kutokwa jasho bila kujua kwamba sikio ndilo lililomtisha kabla ya jicho. Ukizitoa noti hizo nne na kuzituma kwenye kundi lenu, nani atazipa zaidi ya 2? Hata hivyo, kazini zilifanya kile ambacho okestra nzima isiyobadilika isingeweza kufanya.

Red Dead Redemption, iliyotoka mwaka 2010, ni mfano mzuri zaidi wa jambo hilo, na nadhani ukiuelewa utapatana na mwenzako. Watunzi wake, Bill Elm na Woody Jackson, hawakuurekodi muziki ule kama nyimbo zilizokamilika. Waliurekodi kwa vipande vilivyotenganishwa, gitaa peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake, na sehemu kubwa ya vipande hivyo ikawekwa katika ufunguo mmoja, A maina, na kasi moja ya mapigo 130 kwa dakika, ili kipande chochote kiweze kulazwa juu ya kingine bila kugongana. Mchezaji anapotembea nyikani peke yake husikia kidogo sana. Akipanda farasi, besi inaingia. Risasi zikianza kulia, ngoma zinajazia. Hatari ikipita, tabaka moja moja linaondoka. Yeye ndiye anayeupanga muziki kwa matendo yake, ingawa hajui. Albamu inayouzwa ni picha moja tu ya mambo hayo, iliyochaguliwa na kutulizwa ili iweze kusikilizwa mfululizo. Kwa hiyo uliposikia gitaa linalozunguka bila kufika popote, ulisikia vizuri kabisa: halikutungwa lifike, lilitungwa lisubiri. Ni sawa na kuurekodi mdundiko ukipita mtaani, kisha ukamwekea mtu aliyeketi chumbani peke yake mkoa mwingine na kumuuliza kama ngoma ile inachangamsha.

Watunzi wengine walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Koji Kondo, katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998, aliutunga muziki wa uwanda mkubwa wa Hyrule, nchi ya gemu hiyo, kwa vipande vifupi vya bari (mafungu ya mapigo) nane nane ambavyo mashine huvichanganya mpangilio wake, kwa sababu mchezaji huuvuka uwanda ule mara nyingi sana na mahadhi yaleyale kwa mpangilio uleule yangemchosha. Daniel Rosenfeld, anayejulikana kama C418, aliiachia Minecraft ukimya mrefu, kinanda kikitokea pasipotarajiwa na kutoweka tena. Anayesikiliza albamu yake ya mwaka 2011 mfululizo hapati ukimya huo, ambao kwa maoni yangu ni nusu ya utunzi.

Sasa tuje kwa Mario wako, ambaye ameonewa. Kusema kwamba ni milio ya kitoto ni kudhani kwamba mtunzi alikuwa na kila ala duniani akachagua milio. Chipu ya sauti ya Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983 na kuiuza nje kwa jina la NES, ina njia tano tu za sauti. Mbili hutoa mawimbi ya mraba, ule mlio mkavu unaoufahamu. Moja hutoa wimbi la pembetatu, laini zaidi, ambalo halina hata uwezo wa kupandishwa au kushushwa sauti. Ama linalia, ama limenyamaza. Moja hutoa mvumo mtupu usio na noti, unaofanya kazi ya ngoma, na ya tano huchezesha vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Koji Kondo yuleyule wa Zelda, aliyeutunga muziki wa Mario mwaka 1985, alikuwa na nafasi ya mahadhi, sauti ya pili, besi na mapigo, kisha hana pengine pa kujificha. Tena, Mario anaporuka au kuokota sarafu, mlio huo huazima njia mojawapo ya muziki, kwa hiyo sauti moja hukatika kwa kitambo na kurudi. Mtunzi alipaswa kuandika muziki ambao unaweza kunyang'anywa sauti wakati wowote na bado msikilizaji asipotee.

Sikiliza alivyofanya. Besi haishiki tu noti ya chini na kukaa. Inatembea na kujibizana na mahadhi. Mapigo yanayumba kidogo badala ya kupiga sawasawa kama saa, na ndiyo maana mwili unataka kutikisika. Mario akiingia chini ya maji, mapigo yanageuka kuwa ya tatu tatu, yaani walzi, na mchezaji anahisi wepesi wa kuelea kabla hajabonyeza chochote. Muda wa hatua ukibakia 100, muziki uleule unakimbizwa. Mwombe rafiki yako wa alama 3 akae mahali palipotulia, aweke hedifoni, na afuatilie besi peke yake kutoka mwanzo hadi muziki unapojirudia, bila kujishughulisha na mahadhi. Baada ya hapo akisema bado ni 3, alama hiyo utaiheshimu, kwa sababu itakuwa imetolewa na mtu aliyeusikia. Si lazima aupende. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika rejesta yake ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa, muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo, lakini sikutajii hilo ili ukamshinde nalo. Heshima ya taasisi haimlazimu mtu kupenda.

Ya spika ya simu kwenye daladala ni mazito kuliko unavyodhani. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa noti za chini ipasavyo, kwa hiyo wimbi la pembetatu, ambalo ndilo besi yote ya Mario, lilipungua sana na kelele za injini zikamaliza lililobaki. Yeye alisikia tabaka la juu tu, na tabaka la juu peke yake kweli ni mlio mwembamba. Hata kwenye spika nzuri, sikio la binadamu husikia besi kwa shida zaidi sauti inapokuwa ndogo. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hilo Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Tena kipande kilichorekodiwa kwa sauti kubwa kidogo kuliko kingine huelekea kuonekana kizuri zaidi, hata pale ambapo msikilizaji hatambui kwamba tofauti ni ya ukubwa wa sauti tu. Muziki wa gemu za zamani mara nyingi unapatikana katika rekodi za sauti ndogo, na wa gemu mpya umekandamizwa ili usikike kwa sauti kubwa, kwa hiyo mkiusikiliza mmoja baada ya mwingine bila kugusa kitufe cha sauti, mpya unaanza ukiwa mbele. Na tafadhali msirekodi muziki kwa kuweka simu mbele ya spika na kuutuma kama ujumbe wa sauti. Njia hiyo imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Tumeni kiungo au faili lenyewe.

Kuhusu utoto wako, hapa panahitaji uaminifu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1968, kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata kikiwa neno la kubuni lisilo na maana yoyote kwao. Muziki wa gemu hurudiwa kuliko karibu muziki mwingine wowote. Mtoto aliyekwama katika hatua moja ya Mario husikia mahadhi yake mamia ya mara, tena akiwa na shauku na hofu ya kushindwa, na pengine ndugu zake wamemzunguka wakisubiri zamu ya pedi. Mapenzi yaliyojengwa hivyo si ya uongo. Ila hayawezi kutumwa pamoja na faili, na rafiki yako hawezi kulaumiwa kwa kutoyapokea. Wapo watunzi wanaoijenga kumbukumbu hiyo kwa makusudi. Toby Fox, katika Undertale ya mwaka 2015, anaanza na mahadhi mafupi ya upole, kisha karibu na mwisho anayarudisha yakiwa yamerefushwa na kuvishwa ala nyingine, na aliyefika pale kwa miguu yake mwenyewe hulia. Aliyeletewa kipande hicho Jumamosi bila safari yake husikia mahadhi mazuri na kutoa 6. Wote wawili wako sahihi.

Rafiki yenu wa FIFA analeta kitu cha aina nyingine kabisa, na nadhani mmekuwa mkimpima kwa kipimo kisicho chake. Tangu "Song 2" ya bendi ya Blur ilipofungua FIFA: Road to World Cup 98, gemu zile zimejulikana kwa nyimbo ambazo tayari zilikuwepo duniani, zikachaguliwa na kulipiwa haki. Hapo ukitoa alama kwa wimbo, unampima mwanamuziki ambaye huenda hakuwaza gemu hata siku moja. Kinachostahili kupimwa ni uteuzi: nyimbo zile kwa pamoja zinafanya nini wakati unapanga kikosi na kusubiri mechi ianze. Vivyo hivyo kwa stesheni za redio zilizo ndani ya gemu za Grand Theft Auto, ambako uteuzi, watangazaji na matangazo ya kubuni ndiyo utunzi. Mwacheni alete, lakini muwe na kapu lake.

"Baba Yetu" inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa swali lako juu yake ni zuri na watu wachache hujiuliza. Christopher Tin, Mmarekani, aliitunga kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, ambayo mbunifu wake mkuu, Soren Johnson, alikuwa amekaa naye chumba kimoja walipokuwa wanafunzi wa Stanford. Walioimba mara ya kwanza ni Talisman, kundi la waimbaji wa chuo hicho hicho. Baadaye Tin aliiweka katika albamu yake ya Calling All Dawns ya mwaka 2009, safari hii akiimbiwa na Soweto Gospel Choir, na mwaka 2011 ikampa Grammy ya upangaji wa ala unaoambatana na waimbaji, tuzo ya kwanza ya Grammy kwa muziki uliotoka kwenye gemu. Zingatia kwamba ilishinda ikiwa ndani ya albamu, imekwisha kutoka kwenye gemu, kwa hiyo majaji wale walijibu swali la pili tu, la muziki ukiwa peke yake. Grammy maalumu ya muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ikaenda kwa Stephanie Economou kwa kazi yake katika Assassin's Creed Valhalla: Dawn of Ragnarök.

Ndani ya gemu, "Baba Yetu" hulia kwenye ukurasa wa mwanzo, mchezaji akiwa hajafanya lolote. Haihitaji kumfuata mtu wala kustahimili saa nne za vita. Kazi yake ni kufungua mlango, na inaufungua kwa fahari. Ningeipa 8 kazini. Ikiwa peke yake ningeipa 9: mwimbaji anaita, kwaya inaitika, ngoma zinaingia kwa subira, na sauti zinapanda mpaka mahali ambapo hata asiyejua neno lolote hufahamu kwamba hii ni sala. Alama ya kumi naizuia kwa sababu ambayo nyinyi wanne mngeweza kuiona kuliko majaji wote wa Los Angeles. Kiitikio kinaikata sentensi ya sala baada ya "uliye", na "mbinguni" inakuja katika mstari unaofuata ikiambatana na "yetu, yetu, amina". Asiyejua Kiswahili husikia mdundo mtamu wa silabi. Sisi tulioisali sala hii tangu utotoni, au tulioisikia kwa majirani, tunasikia sentensi iliyovunjwa katikati, jambo ambalo mwalimu wa kwaya wa parokia yoyote ya hapa asingeliruhusu. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila kwa namna nyingine: kama Kiswahili kiliwafanya muipendelee, basi hamkukitumia vya kutosha. Fahari ya kusikia lugha yako katika gemu kubwa ni sehemu halali ya furaha yenu, lakini lugha hiyo hiyo inawapa uwezo wa kusikiliza kwa ukali zaidi, na mngeutumia.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Anayeleta muziki aandike kwa sentensi moja unalia wapi ndani ya gemu na mchezaji anafanya nini wakati huo, na ikiwezekana aambatanishe video fupi ya mchezo wenyewe. Kila msikilizaji ausikilize mpaka uanze kujirudia, mara mbili, kwa hedifoni au spika ya maana, kisha aandike alama zake kabla ya kusoma za wenzake, kwa sababu alama ya kwanza kutajwa huzivuta zote zinazofuata. Alama ziwe mbili: ya kazini na ya peke yake. Pembeni aseme kama ameicheza gemu au hajaicheza. Ambaye hajacheza anaweza kuiacha alama ya kazini wazi bila aibu. Msitafute wastani. Muziki uliopata 10 na 2 una mengi ya kuzungumzwa kuliko uliopata 6 na 6, lakini wastani wake ni uleule, na ukishauandika mazungumzo yanakufa. Njia hii itawapunguzia ushindani, na kama mlichokuwa mkikipenda ni ushindani wenyewe, mtaona imepoa. Hiyo ndiyo gharama yake, na mkiona haiwafai, bakini na alama moja mkijua inapima nini.

Ukitaka kujifunza kuitenga besi, sauti ya pili na mahadhi kwa sikio, maandishi yangu hayatakufikisha mbali. Tafuta mwalimu wa kwaya au mpiga kinanda aliye karibu nawe, kaa naye na kipande kimoja tu, umwombe akuimbie sauti moja moja huku muziki ukilia. Jioni moja ya namna hiyo ina faida kuliko makala nyingi.

Kuhusu masikio kuvuma, usilichukulie kama jambo la kawaida la wapenda muziki. Mvumo ule ni ishara kwamba vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio, ambavyo hupokea mtikisiko na kuupeleka kwenye neva, vimezidishiwa, na vikifa havioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takribani saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na sauti ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Iweke leo, pumzisha masikio kila baada ya muda, na usipandishe sauti ili kushinda kelele za nje. Mvumo ukiendelea hadi siku ya pili, ukiwa wa sikio moja tu, au ukiambatana na kizunguzungu, maumivu au usikivu kupungua, nenda hospitali ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo akupime. Usikivu ukipungua ghafla, nenda siku hiyo hiyo.